Alhamisi Atakayozikwa Mwenye Nyumba

3 Februari

Dada,

Hujambo huko? Sisi wazima, ukiacha mafua ya watoto. Wifi yako anakusalimu sana. Anasema yale mafuta ya nywele uliyotuma binti yetu mkubwa ameyamaliza kwa siku nne, ukituma tena uyafunge kwa kufuli. Mdogo wake kang'oka jino la mbele na sasa anacheka amefunika mdomo kwa kiganja. Mimi mgongo tu. Kusimama kutwa nikizunguka vichwa vya watu si mchezo.

Naandika maana kwenye simu tumeshindwana. Mara ya mwisho nilikuita mtelekezaji, ukaniita kinyozi wa mbuzi, ukakata. Wifi yako ndiye aliyesema tuandikiane, kwamba kwenye karatasi mtu hawezi kumkatiza mwenzake. Basi nisikilize mpaka mwisho kwa mara ya kwanza maishani mwako.

Mama hanijui tena. Ananiita Kinyozi, tena kwa heshima zote: "Kinyozi, samahani, choo kiko wapi?" Wifi yako anamwita nesi. Watoto anawaona wa jirani, anawaambia warudi kwao kabla hawajatafutwa. Chakula anakataa. Unampelekea kijiko anafumba mdomo, anageukia ukutani.

Ila saa kumi na moja jioni. Ikifika saa hiyo anakuja mwenyewe dukani, anakaa kwenye kiti cha kunyolea, hata kama kuna mteja ananyanyuka, na anaangalia runinga. Tamthilia yenu ikianza, anasema, "Chiriku huyo. Mwanangu. Kapata nyumba kubwa ya kupangisha." Wewe, Dada. Anakujua wewe tu. Wapangaji wako wote anawajua kwa tabia, na ameniagiza nikwambie yule wa chumba cha juu ni mwizi, umfukuze. Ukiwa kwenye kioo mdomo unafunguka na supu inaingia. Wakikuonyesha dakika tano, anakula dakika tano. Siku ambazo huyo Mwenye Nyumba unayemwigiza hayupo, mama analala na njaa.

Miaka minne hujaja. Sikugombezi, nakuomba. Njoo akuone.

Mdogo wako

24 Februari

Kinyozi wa mbuzi, mdogo wangu mpenzi,

Salamu zako nimezipata na zimenikuta mzima. Mwambie binti mafuta yanakuja, na kufuli. Mwambie mdogo wake kwamba shangazi yake aliwahi kucheza malkia mwezi mzima bila jino la mbele, na watu walipiga makofi wakidhani ni ufundi. Wifi nambusu mashavu yote mawili.

Kazi ipo, nashukuru. Leo nilikuwa nawaza onyesho langu la kwanza, lile la ukumbi wa shule, nawe ulikuwa unanyonya kidole. Nilicheza mke anayepigwa kibao. Mama alikaa mstari wa pili. Yule kijana aliponiwasha kibao, mama akasimama, akapanda jukwaani na mkoba wake, akamtandika nao kichwani. Ukumbi mzima ulivunjika mbavu. Mimi nililia kwa aibu, nikamnunia wiki tatu. Miaka kumi na tisa jukwaani na kumi na moja kwenye runinga, na hakuna mwingine aliyewahi kupanda kunitetea.

Nisikilize na wewe sasa. Mwondoe mama kwenye hiyo tamthilia. Polepole, usimshtue. Mzoeshe redio, saa hiyo hiyo, kiti hicho hicho. Anapenda nyimbo. Anza wiki hii, usichelewe.

Kuja nitakuja, mambo yakikaa sawa.

Dada yako

9 Machi

Dada,

Tunaendelea hivyo hivyo. Mafua yameisha, yamekuja mabega.

Redio nimejaribu. Siku ya kwanza mama alikaa, akaitazama redio nusu saa nzima akingoja utokee. Siku ya pili akaniuliza nimekuficha wapi. Siku ya tatu nikakuta kiti kitupu, na mimi nina mteja nimemnyoa kichwa upande mmoja. Nikamwacha hivyo hivyo, nikatoka mbio. Mama nilimkuta kwa muuza nyama, peku, amesimama katikati ya foleni anaangalia runinga yake. Mtaa huu kila mlango una runinga na wote wanakuangalia wewe. Nitazima ngapi?

Mteja wangu naye alinifuata na shuka shingoni, kichwa nusu. Watu walicheka. Mimi sikucheka.

Sasa na wewe usinifunge kamba. Mwenyewe hujawahi kumkataza mtu kuangalia tamthilia yako; enzi zile ulikuwa unapiga simu kuhakikisha tumeangalia. Kuna kitu unakijua. Kiseme.

Mdogo wako

2 Aprili

Mdogo wangu,

Barua yako nimekaa nayo wiki mbili nikiizungukazunguka. Pole kwa mabega. Pole kwa mteja.

Mwenye Nyumba anakufa. Anaanguka ngazini, sehemu ya Jumatano. Alhamisi ya tarehe kumi na moja Mei anazikwa. Sisi hurekodi miezi minne kabla, kwa hiyo mnayemwona kila siku akigombana na wapangaji ni mtu niliyekwisha kumaliza kazi yake Januari. Uliponiandikia barua ya kwanza nilikuwa nimeshazikwa.

Na sanduku liko wazi. Nililala humo saa tatu nzima. Mafundi walikula chakula chao wamenizunguka, mshika taa akaniwekea waya zake magotini, mpambaji akanipaka unga mpaka kwenye kope. Kamera ilipokuja juu yangu nilibana pumzi nikahesabu mpaka arobaini. Mwongozaji akaja kunishika mkono, akasema sijawahi kuigiza vizuri namna ile.

Unataka kujua kwa nini wameniua? Desemba niliomba ruhusa ya mwezi mmoja nije kumwona mama. Wakasema ratiba hairuhusu. Nikasema mama yangu ananisahau, nitakwenda mtake msitake. Waandishi wakakaa na mwongozaji siku moja tu, wakanipa ruhusa ya moja kwa moja.

Sasa utaniuliza, na tangu Januari mbona hujaja? Begi nimelifunga mara tatu. Mara ya tatu nilifika mpaka dirisha la tiketi. Naogopa. Kila siku unaniambia anamjua yule wa kwenye kioo, mwenye wigi na poda na mabega yamenyooka. Mimi nywele zimeisha rangi na nimepungua. Akinitazama akaniuliza choo kiko wapi, nitafanya nini?

Sina kazi, sikukwambia. Sikutaka ujue.

Dada yako

15 Aprili

Dada,

Salamu baadaye.

Njoo. Uwe umekaa kando yake siku hiyo. Akikuona ndani ya sanduku, akigeuka akukute mzima. Mimi sioni njia nyingine, na wifi yako haoni, na daktari nilipomuuliza aliniandikia dawa ya usingizi ya mama, nikaitupa.

Halafu sikia. Uje na lile wigi na lile gauni la maua kubwa. Na poda. Hivyo ndivyo anavyokujua. Ukija na mvi zako atakuona mtu baki. Azima, iba, utajua mwenyewe, wewe si ndiye mwenye marafiki huko kwa wapambaji?

Kitanda chako nimekitengeneza.

Mdogo wako

19 Mei

Mdogo wangu,

Nimefika salama. Wasalimie wote, mwambie wifi chakula alichonifungia nilimgawia jirani yangu wa kiti, sikuweza kukila.

Pale stendi hatukuzungumza. Ulipakia begi langu, ukakagua matairi ya basi kana kwamba ndilo gari lako, ukaondoka. Nami nilijifanya nimelala dirishani. Sasa nitakueleza uliyokosa kuona, maana wewe ulitoka nje.

Unakumbuka mama alivyokuwa kwenye kiti, mimi kwenye benchi la wateja nimevaa kila kitu, wateja wako wanne kimya. Sanduku lilipoonekana mama hakupiga kelele. Aliweka kijiko chini. Wewe ukamshika bega, ukamwambia, "Mama, geuka, Chiriku huyu hapa, mzima." Akageuka. Akalitazama gauni. Akatazama runinga, akalitazama gauni tena.

"Hata hajafunikwa," akasema, "mmeshamvua nguo zake?"

Ndipo aliponivua wigi. Ndipo wewe ulipotoka kwa mlango wa nyuma, na nikasikia umefungua bomba la maji na hukulifunga.

Usijilaumu. Nimeandika sentensi hiyo kwa sababu inabidi. Ukweli ni kwamba njia nzima ya kurudi nilikuwa nawaza: kama ningekaa pale na mvi zangu, kwa nguo zangu, je, angenijua? Hatutajua kamwe. Wazo lilikuwa lako na mwili uliovalishwa ulikuwa wangu, basi tugawane.

Baadaye akaliweka wigi mapajani, akawa analipapasa. Akaniona nywele zangu. Uso ukalegea, akanisogezea kiti. "Kaa, mama," akaniambia. Mimi, aliniita mama. "Umetoka mbali?" Nikasema nimetoka mbali. "Ulimjua mwanangu?"

Jukwaani kuna mtu anakaa nyuma ya pazia kukunong'oneza ukisahau maneno. Nilingoja, wallahi, nilingoja mtu aninong'oneze. Nikasema, "Nilimjua."

Siku sita, mdogo wangu, nimekuwa mgeni kwenye msiba wangu. Mlidhani nimelala naye chumbani ili kumlinda. Alikuwa ananisimulia habari zangu. Kwamba nilikuwa naongea usingizini. Kwamba siku niliyoondoka na kikundi cha maigizo aliniambia nisikanyage tena kwake, hilo nalijua, maneno yake ninayo mpaka leo. Lakini alinieleza ambalo silijui: mwaka mzima kila Jumamosi alikwenda stendi kuangalia watu wanaoshuka. Akikuta sipo ananunua kitu kidogo sokoni ili akiulizwa aseme alikwenda sokoni.

Nikamuuliza, kwa nini hukumwambia?

"Nitamwambia akija," akasema. Halafu akakumbuka, akaanza kulia upya, na mimi ndiye niliyembembeleza.

Mkononi mwangu alikula. Hilo uliliona. Sahani nzima, bila runinga.

Siwezi kuandika zaidi leo.

Dada yako

14 Juni

Dada,

Hujambo? Binti mkubwa kawa wa tatu darasani, anadai ni kwa sababu ya mafuta ya nywele. Wifi yako anakupa pole kila siku, hata sijui kwa lipi maana amekataa kulitaja.

Nilifungua bomba ili nisisikie. Sina la kuongeza hapo. Nisamehe.

Mama ametulia. Sijui niseme nafurahi au vipi. Anakula saa yoyote, anampokea wifi yako kijiko bila ugomvi. Saa kumi na moja haji tena dukani. Tamthilia ikianza wateja wanageuza macho kumtafuta, kiti kitupu, mpaka mimi mwenyewe najisikia vibaya kumkalisha mtu hapo.

Sasa kuna jambo nimefanya, na usinicheke. Aliniuliza kaburi liko wapi. Siku ya kwanza nikampiga chenga, siku ya pili nikampiga chenga, siku ya tatu akavaa viatu, akasema kama Kinyozi hanipeleki nitauliza polisi. Nikampeleka makaburini. Nikatembea naye mpaka nikaona moja halina jina, limeota majani, nikasema ni hili. Akapiga magoti akaanza kung'oa majani. Tangu hapo kila Jumapili tunakwenda kulipalilia, mimi na yeye na jembe. Aliyelala humo simjui, na kila Jumapili namwomba radhi kimoyomoyo.

Ila anakuulizia. Si wewe. Anasema, "Yule mgeni mwenye sauti nzuri harudi?" Njoo basi, Dada, kama mgeni. Mimi sasa sichagui.

Mdogo wako

5 Julai

Mdogo wangu,

Mwambie binti hongera. Habari ya makaburini sikuicheka. Nilicheka kidogo, halafu nikakaa chini.

Wameniita kazini. Watazamaji wameandika barua mabunda kwa mabunda, na yule muuza sabuni mwenye matangazo amefoka. Kwa hiyo waandishi wamegundua kwamba aliyezikwa hakuwa Mwenye Nyumba, alikuwa pacha wake. Miaka kumi na moja hatukuwahi kumsikia huyo pacha hata kwa bahati mbaya, sasa kazaliwa na kuzikwa. Mimi narudi kutoka safari. Itaonyeshwa Novemba.

Mkataba unasema mwaka mzima bila ruhusa, hata ya siku moja. Wamejifunza.

Utaniambia ningekataa. Tangu Januari jukwaani nimepewa nafasi mbili tu: bibi anayekohoa nyuma ya pazia, na mti. Mti, mdogo wangu, mimi! Nilisimama saa moja na nusu nimenyoosha mikono, na mwongozaji ambaye ningeweza kumzaa akaniambia matawi yangu yanatetemeka. Kazi hii ndiyo pekee ninayoiweza na nimeimiss kama mtu. Lakini kila nikifumba macho namwona mama amekaa kwenye kile kiti, mtu aliyemlilia anaingia mlangoni anacheka.

Nilisaini jana. Leo ndio nakuuliza: nisaini?

Dada yako

28 Julai

Dada,

Barua yako imechukua wiki tatu. Nilipoisoma nilitupa wembe nikapiga simu mara tisa, hukupokea. Najua, simu zenu hufungiwa kabatini mkiwa kazini. Na hata ungepokea, ulishasaini.

Mama ameongezeka mwili. Juzi alicheka. Amepanda maua juu ya lile kaburi na yameshika. Ukimfufua nitamwambia nini kuhusu kaburi? Na kama atafurahi je? Maana usiku mwingine nawaza hivyo, kwamba pengine atafurahi kuliko sisi sote.

Umeniuliza nami sijui. Usinikasirikie, kwa kweli sijui.

Mdogo wako

20 Novemba

Dada,

Salamu kutoka kwetu sote. Wifi yako ni mjamzito, baada ya miaka yote hii, tumeona aibu hata kukuandikia mapema. Mimi mzima.

Alhamisi nilipanga nisiwashe runinga. Nikafunga duka mapema, nikasema naumwa. Sikuufikiria mtaa. Ulipoingia mlangoni na masanduku yako, Dada, mtaa mzima ulipiga yowe. Kwa muuza nyama, kwa fundi viatu, juu, chini, "Kafufuka! Mwenye Nyumba kafufuka!" Watu wametoka nje wanakumbatiana. Mama naye akatoka kuuliza nani kafufuka. Kabla sijamfikia, muuza nyama alishamshika mkono kwa furaha yake, akamkalisha mbele kabisa. Nikafika nikihema nyuma yake. Sikuweza kumwondoa na sikuweza kutazama.

Alitazama mpaka mwisho. Mikono magotini. Watu wote wakamgeukia yeye, maana wanajua habari zake.

"Huyu siye," akasema.

Muuza nyama akataka kumweleza habari za pacha, nikamkanyaga mguu.

"Wangu nilimzika," mama akasema. "Kila Jumapili nakwenda kwake, muulizeni Kinyozi. Huyu ni yule mgeni wangu." Akaanza kutabasamu, akawageukia watu. "Huyu alikaa na mimi siku sita za msiba. Alinilisha kwa mkono wake. Kumbe ni mwigizaji! Anajua kweli kweli. Mwanangu naye alipenda mambo haya, mimi nikamfukuza kwa sababu ya hayo."

Dada, alikutazama jioni ile kwa namna sijui nikuelezeje. Alikuwa anajivunia. Si kwa kuwa ni mwanawe. Alijivunia kwamba mtu wa kwenye runinga aliwahi kukaa kitandani kwake.

Sasa saa kumi na moja anakuja tena dukani kumwangalia mgeni. Kula anakula vizuri. Lakini pumzi zimekuwa fupi, na daktari nilipomtajia Julai, mwisho wa mkataba wako, aliinama kutafuta kalamu iliyokuwa mfukoni mwake.

Jana ameniagiza nikuandikie, neno kwa neno: mgeni aje, kuna habari za mwanangu sikumaliza kumsimulia.

Nikamwambia atakuja Julai. Akaniuliza Julai ni lini, nikasema karibu.

Mdogo wako